Aliyekula Maini kwa Niaba ya Mumewe

Kwa muda mrefu nyumba ya Mama mdogo ilitawaliwa na kidole gumba. Si cha kwake, ni cha mumewe, tena cha mguu wa kulia. Tafadhali ushike huo upande kichwani, maana yuko mtu mzima aliyeusahau akaumbuka mchana kweupe.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kimepakana na bucha lao, na kinachotutenganisha ni ukuta wa mbao tu, kwa hiyo habari za pale sizitafuti, zinanifuata nilipokaa. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama yangu, ni mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kusimamisha lori. Katika bucha hilo mumewe ndiye anayepima nyama na kuwachekea wateja, na Mama mdogo ndiye anayeshika shoka. Akipasua mfupa wa paja, cherehani yangu inaruka mshono. Mtaa mzima unamwita Jemedari, na yeye anaitika bila kuona haya.

Siku kidole kilipoanza vituko vyake, hakukuwa kumepambazuka vizuri. Nilisikia mayowe kutoka vyumba vyao vya nyuma ya bucha, nikatoka mbio na mkasi mkononi nikijua wamevamiwa. Kumbe mwenye mayowe ni Baba mdogo, kalala chali, mguu kautoa nje ya kitanda, kidole kimevimba na kuiva kama nyanya. Shuka walishaiondoa, alidai ina uzito wa mlango. Nzi mmoja akatua pale kidoleni.

"Mfukuzeni huyo nzi! Ananikanyaga!"

Mama mdogo alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Mimi nilitoka nje kwanza, nikacheka huko, kisha nikarudi na uso wa huruma. Basi tukambeba, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, mpaka kliniki, naye anatukana kila jiwe la njiani.

Daktari alikuwa binti wa rika langu, mpole wa sauti lakini habembelezi mtu. Alisema ni jongo. Akaeleza kwamba mwili hutengeneza asidi ya yuriki unapovunjavunja vitu fulani vilivyomo kwenye chakula, hasa nyama za ndani, na kazi ya figo ni kuitoa kwa mkojo. Ikizidi, hujikusanya kwenye viungo na kuganda kama vichembe vya chupa. Kwa hiyo maini, figo na bandama, basi. Bia, basi. Soda, basi. Nyama nyingine, kidogo kwa adabu. Hayo anaambiwa mwenye bucha.

"Daktari," Baba mdogo akasema, "si uniambie tu nihame mji?"

"Atatii," Mama mdogo akajibu kwa niaba yake. "Hilo niachie mimi. Na kwa kuwa huu ni ugonjwa wa wanaume, ninyi wanaume muutunze, mimi niwatunze ninyi."

Hapo lazima nieleze desturi ya nyumba ile, la sivyo hutaelewa kilichofuata. Kwao nyama ya kawaida inalala kwenye friji, lakini nyama ya ndani hailali. Maini na figo ambazo hazijanunuliwa mpaka jioni zinaingia kikaangoni, wanakula wao. Tangu waoane hawajawahi kutupa ini. Mama mdogo ana mkono wa kutoa, maskini akipita hapati mfupa mtupu kwake, ila kutupa ini kwake ni sawa na kutupa mtoto. Sasa mle ndani kikaango ni kilekile, maini ni yaleyale, lakini mlaji mmoja kafungiwa.

Wiki za mwanzo Baba mdogo alijitahidi kuwa mwizi. Kipaji hana. Alitia figo ya kukaanga ndani ya buti lake la mpira, lile la kuvaa wakati wa kuosha sakafu ya bucha, akanuia kuirudia mkewe akienda kuoga. Paka akamtangulia. Paka akaingiza kichwa ndani ya buti, akashindwa kukitoa, akatoka sebuleni amevaa buti na kuligonga kwenye kila mguu wa meza. Jemedari alimtoa paka, akainusa ile figo, akamtazama mumewe. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka mapazia. Sijawahi kuona mtu akitazama dari kwa bidii namna ile.

"Nimekata shauri," Mama mdogo akasema. "Kitakachobaki nitakila mimi. Chote. Mbele yako, ukione kinavyoingia, ujue hakipo tena popote."

"Utakula fungu lako na langu?"

"Nitakula kwa niaba yako. Ninakulinda, mume wangu."

Na alikula. Nakwambia alikula kwa moyo wa kujitolea ambao sijauona hata kwa wanajeshi. Baba mdogo anatafuna kabichi yake upande huu wa meza, mkewe upande ule anateremsha maini ya watu wawili, na soda ya mumewe anaisukumia juu ili nayo isilete kishawishi. Akimaliza anafuta midomo na kuhema, "Haya, leo tena umepona." Wala hakuwa akifanya uchoyo. Alimpenda yule mwanamume, na njia aliyoiona ya kumpenda ndiyo hiyo. Jongo ni la wanaume, mdomo wake ni wa mwanamke, kwa hiyo alijiona pipa lisiloingia sumu.

Mwaka ukaisha, na mwingine nao ukashika njia. Kidole kikanyamaza. Baba mdogo akapungua kitambi, suruali zake zote nikazipunguza kiuno, akaanza kupiga mluzi akibeba paja la ng'ombe begani. Jemedari akawa anavimba kichwa. Kila aliyekuja kununua nyama alihadithiwa namna alivyomponya mumewe, na hadithi ilitiwa chumvi kila wiki, mpaka ikafika mahali eti daktari alikuwa ametaka kukata mguu.

Mimi nilikuwa naona mambo mengine. Gauni nililomshonea mwanzoni mwa mwaka alilirudisha limempasuka ubavuni.

"Umenipunja kitambaa," akanishutumu.

"Mama mdogo, kitambaa ulileta mwenyewe."

"Basi futi yako imesinyaa."

Nikampima upya. Nilipoinama kupima urefu, niliona soksi zake zimeacha mfereji kwenye vifundo vya miguu. Nikamuuliza kama anaumwa. Akaniambia hedhi yake imekoma, anapata joto la ghafla, ni utu uzima, na kwamba nami nikifika huko nitaacha maswali ya kipuuzi. Akapanda zile ngazi za kutoka kibarazani kwangu kwenda barabarani, ambazo hata mtoto wa kutambaa anazimudu, akasimama katikati akijifanya anatazama barabara. Barabara ilikuwa tupu.

Kisha ikaja siku ya mfupa. Bucha limejaa, mama mmoja kaagiza mifupa ya supu, na Jemedari kapandisha shoka. Pigo la kwanza nililisikia, sindano yangu ikaruka kama kawaida. La pili lilikuwa dhaifu. La tatu halikuja. Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Alikuwa amekaa juu ya gogo la kukatia nyama, jasho linamtiririka, kiganja kakibandika kifuani.

"Joto tu," akasema. "Mnanitolea macho ya nini?"

Baba mdogo akamfuata taratibu, akalitoa shoka mkononi mwake. Naye akaliachia. Hakubisha, hakufoka, aliliachia tu kama mtu anayempa mwenzake kijiko. Tangu nipate akili sijamwona mtu akimpokonya Mama mdogo shoka.

Jioni ile Baba mdogo akaja kibarazani kwangu, akajitia anatafuta kifungo.

"Mwanangu, mama yako mdogo haendi kliniki. Nimemsihi, nimemnunia, nimemtishia kurudi kwenye bia. Anasema mgonjwa katika nyumba hii ni mimi." Akainamisha kichwa. "Naogopa. Ataniangukia pale pale kwenye gogo, na mimi nikiwa hapo napima nyama."

Nikamwambia Mama mdogo hawezi kupelekwa popote kwa ajili yake mwenyewe, lakini kwenda kumsikiliza daktari akimfokea mumewe, hilo hawezi kulikosa hata kuwe na mafuriko. Tukatazamana, na uso wake ukaanza kuchanua kidogo kidogo. Tukala njama papo hapo, katikati ya vifungo.

Kesho yake asubuhi mayowe yakarudi. Kidole! Kidole! Alipiga kelele za kuigiza mbaya kuliko za wachekeshaji wa sherehe za shule, lakini Mama mdogo aliamini, maana alikuwa amesubiri mwaka mzima kumwambia "nilikwambia".

"Umekula nini? Umekula nini na wapi? Sema! Leo daktari atakunyoosha na mimi nikiwepo!"

Akavaa gauni lake jipya. Tukaondoka watatu, mgonjwa katikati, anachechemea na kuugulia. Njiani alisimama kila mara eti maumivu yamezidi, na kila aliposimama niliona Mama mdogo anaegemea ukuta na kuvuta pumzi. Nadhani ndiyo mara pekee Baba mdogo aliigiza vizuri.

Ndani, daktari alituma mhudumu wa maabara aje kutoa damu. Baba mdogo akaona sindano, akaficha mkono nyuma.

"Sitoi."

"Hutoi nini?" mkewe akauliza.

"Damu. Naogopa. Nitatoa kama na wewe utatoa. Wewe kwanza."

"Aibu gani hii? Mwanaume mzima, muuza nyama, anaogopa tone la damu!" Akamgeukia yule mhudumu na kukunja mkono wa gauni mpaka begani. "Chukua, mwanangu. Chukua chupa mbili. Chukua na presha na chochote mlicho nacho, huyu bwana aone watu wanavyofanya."

Walichukua na presha. Niliuona uso wa mhudumu aliposoma kipimo. Akakifunga upya, akasoma tena, akatoka kwenda kumwita daktari. Mama mdogo alidhani wanamwita aje kumwona mume mwoga. Akapelekwa chumba cha pili, akalazwa, akabandikwa nyaya za kupima moyo, na bado anatoka humo anamwambia mumewe, "Umeona? Hata haiumi."

Majibu yalitoka mchana. Daktari akatuketisha. Jemedari akawahi kuuliza hiyo asidi ya kila mtu ni ngapi. Ya Baba mdogo ilikuwa saba kasoro. Ya kwake, sita na ushee.

"Nimemshinda!" akapiga makofi. "Yangu ndogo! Si niliwaambia?"

"Mama," daktari akasema, "ya mzee iko ndani ya mpaka wake. Ya kwako imevuka. Mpaka wa mwanamke uko chini kuliko wa mwanamume."

"Kwa nini tupimwe tofauti? Ubaguzi huo."

Mimi nilimwelewa daktari mara moja, shati la mwanamume silikatii kwa vipimo vya blauzi. Daktari akaendelea. Alisema mwanamke akiwa bado anapata hedhi, homoni zake huzisaidia figo kuitoa asidi hiyo. Hedhi ikikoma, msaada huo unaondoka, na asidi inaanza kupanda kimyakimya.

"Nyumbani kwenu nani anakula maini?"

Baba mdogo akatazama dari, ile bidii yake ya siku ya paka.

"Mimi," Mama mdogo akasema. "Kwa niaba yake."

"Mara ngapi?"

"Kila yakibaki."

"Na figo?"

"Na figo. Na soda zake. Daktari, si ulimkataza wewe mwenyewe? Ulitaka viliwe na nani?"

Daktari aliuma kalamu. Nadhani alikuwa anazuia kucheka, kisha akaacha kuzuia kwa sababu kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Presha ilikuwa juu sana. Kipimo cha moyo kilionyesha kwamba ukuta wake umeanza kunenepa kwa kusukuma damu kwa nguvu kupita kiasi. Akasema wazi kwamba wataalamu bado wanabishana kama asidi ya yuriki ndiyo mkosaji mwenyewe au inatembea tu na wakosaji, yaani presha, uzito na figo zilizochoka. Ila uchunguzi mwingi umeona kwamba asidi ikipanda kwa mwanamke, hatari ya moyo inayofuatana nayo huwa kubwa hata kuliko kwa mwanamume. Kwa hiyo akiiona juu kwa mama wa umri huo, haangalii kidole, anauangalia moyo.

"Lakini mimi kidole hakiniumi," Mama mdogo akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sikujua kama anayo sauti ya kipimo hicho. "Mimi hainiumi popote."

Baba mdogo akamshika mkono. "Changu kilipiga kelele, mke wangu. Mtaa mzima ukasikia, nikabebwa. Moyo wako umekaa kimya na wewe ukakaa kimya nao."

Alilia. Si Mama mdogo, yeye Baba mdogo, alilia mbele ya daktari bila kujificha, akasema hajui hata kuwasha jiko, hajui shoka linanolewa upande gani, na kwamba akibaki peke yake kwenye meza ile hatakula chochote, maini wala kabichi. Mama mdogo akatoa leso akamfuta kamasi, huku akimwambia anyamaze, watu wanaona. Akapewa dawa za presha, akaambiwa apunguze chumvi, aachane na nyama za ndani na soda, atembee kila siku, arudi apimwe tena. Akaitikia kila moja, na hilo lilinitisha kuliko vipimo vyote.

Tukatoka nje. Baba mdogo alikumbuka kwamba yeye ndiye mgonjwa rasmi, akaanza kuchechemea. Tulifika karibu na geti.

"Simama hapo," Mama mdogo akasema. "Mguu gani?"

"Mguu gani nini?"

"Unaokuuma. Asubuhi ulikuwa wa kulia. Sasa unachechemea wa kushoto."

Baba mdogo akaitazama miguu yake yote miwili kama wageni wasioalikwa. Mimi nikaanza kutembea haraka. Nikaitwa kwa sauti ile ya kusimamisha lori, yenyewe hasa, imerudi, na nilifurahi kuisikia ingawa ilikuwa inaniita mimi mshenzi. Alitukaripia mpaka kwenye kona. Kisha akavuta pumzi, akasema, "Mngenipoteza, wapumbavu ninyi." Akamshika mumewe kiwiko na hakukiachia mpaka nyumbani.

Jioni lilibaki ini moja kubwa. Wakaliweka mezani, wakaketi huku na huku. Nilikuwa nimewapelekea ugali wao na mchicha, nikakuta wanalitazama kama polisi wawili na mshukiwa.

"Nitakula mimi," Baba mdogo akasema. "Kwa niaba yako. Ninakulinda."

"Thubutu!" Akalinyakua sahani na yote, akatoka nalo nje, akamwita mbwa wa jirani. Mbwa alisogea kwa wasiwasi, anamjua Jemedari. Ini lile ndilo la kwanza kutupwa katika nyumba ile tangu waoane, na Mama mdogo alisimama kulitazama mpaka likaisha.

Kutembea ndiko kulikomshinda mwanzoni. Si miguu, ni fahari. Jemedari apite mtaani anahema na kusimama kila baada ya nyumba chache, watu wanamwona? Alisema bora afe. Baba mdogo akafikiri, akasema hilo ni jepesi. Asubuhi iliyofuata nikawaona wanapita mbele ya kibaraza changu, wameshikana mikono, mume anachechemea kwa nguvu zake zote na kusimama kila mara kushika goti.

"Vipi, mzee, kidole kimerudi?" muuza magazeti akamuuliza.

"Kimerudi, bwana. Hiki hapa kinanirudisha nyuma. Huyu mama ana subira na mimi, jamani."

Na Mama mdogo anasimama pembeni yake, kidevu juu, anavuta pumzi kwa nafasi, anamsubiri mumewe mgonjwa. Mtaa mzima ukamhurumia Baba mdogo. Walikwenda hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nilimsikia akinong'onezwa, "Wa kulia, wewe! Wa kulia!"

Miezi ikapita. Soksi zikaacha kuchimba mifereji. Gauni akalirudisha, akinilaumu kwamba nilizidisha kitambaa makusudi. Presha ikashuka, asidi nayo ikarudi chini ya mpaka wake, na daktari akasema moyo bado wa kuangaliwa lakini unashukuru. Shoka tumemkataza, sasa anashika Baba mdogo, na mifupa ya supu ya bucha lile haina umbo linaloeleweka.

Juzi asubuhi niliwaona wanaumaliza mwinuko wa barabara yetu. Mama mdogo alikuwa mbele. Alifika juu hajasimama hata mara moja, na nyuma yake mumewe anakuja na ule mchechemeo wake, kausahau mguuni kama mtu aliyesahau kofia kichwani. Akageuka, akamtazama akipanda, akaweka mikono kiunoni.

"Nyoosha mguu huo, bwana we! Watu watadhani nakupiga."

Baba mdogo akasimama katikati ya mwinuko. Alimtazama mkewe pale juu, asiyehema, na akaelewa anachoambiwa. Akanyoosha mguu, akaukwea mwinuko uliobaki mbio kama mtoto, akiangua kilio na kicheko kwa pamoja, na muuza magazeti akaangusha magazeti yake yote.